Chumba cha Picha na Ithibati: Ujiandae Mwenyewe, Ulete Mshauri, au Uachane na Eksirei?

Kama unamiliki au unasimamia kituo cha afya binafsi Arusha au Moshi, huenda swali hili liko mezani kwako sasa hivi: chumba cha eksirei kiwekwe sawa vipi kabla ukaguzi haujafika? Wapo wanaotaka kuifanya kazi hiyo wenyewe, wapo wanaotafuta mtu wa kuwafanyia, na wapo wanaojiuliza kimyakimya kama ile mashine bado inalipa. Njia zote tatu ni halali, na kila moja ina mahali inapofaa. Hapa nazipima kwa vigezo vilevile ili uone ipi inaendana na kituo chako.

Kwa nini suala limekuwa zito

Hesabu za chumba cha picha zimebadilika. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kutumia kitita kipya cha mafao Machi 1, 2024, na hospitali nyingi binafsi zililalamikia bei zake hadharani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inatupeleka kwenye mfumo ambao mgonjwa wa kawaida atakuja na kadi. Anayelipa kwa niaba ya mgonjwa huuliza maswali ambayo mgonjwa mwenyewe hakuwa akiuliza: picha ilipigwa na nani, ilisomwa na nani, ripoti iko wapi, na kwa nini imepigwa mara mbili.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya kifua yenye jina la mgonjwa ni taarifa binafsi. Ule mtindo wa kupiga skrini kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp ili "daktari atuangalizie" una wa kuujibia sasa. Hata kitabibu ni mtindo mbaya, kwa sababu picha ya simu hupoteza vivuli vidogo ambavyo ndivyo hasa vinavyotafutwa kwenye pafu.

Yasiyo na hiari

Kuna mambo ambayo hayategemei njia utakayochagua. Mashine ya eksirei haitumiki bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Kwetu wa kaskazini hili lina nafuu yake: Tume ina ofisi na maabara Njiro, Arusha, na shauri ambalo mwenzetu wa mbali analifuatilia kwa simu na barua, wewe unaweza kulifuata kwa daladala. Wanaopiga picha wawe na sifa na usajili wa baraza lao, lililowekwa na sheria ya mwaka 2007. Awepo mtu aliyeteuliwa kwa barua kusimamia usalama wa mionzi. Kila anayefanya kazi ndani ya chumba awe na beji yake ya kupimia mionzi, isomwe kwa wakati, na majibu yahifadhiwe.

Viwango vya kimataifa vinataka mfanyakazi asipate zaidi ya milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na asizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Raia wa kawaida, akiwemo dada wa mapokezi aliyekaa upande wa pili wa ukuta, kikomo chake ni milisivati 1 kwa mwaka. Mfanyakazi akitoa taarifa kwamba ni mjamzito, mtoto aliye tumboni naye hulindwa kwa kiwango hicho cha raia.

Ithibati inakuja juu ya hayo. Leseni inakuruhusu kufanya kazi. Ithibati inathibitisha kwamba unaifanya kwa ubora na una ushahidi mkononi. Vituo binafsi na vya mashirika ya dini hapa nchini vimekuwa vikitumia viwango vya SafeCare, ambavyo vina ngazi tano na vinagusa pia huduma ya picha. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilitoa mwaka 2010 mwongozo wa ukaguzi wa radiolojia uitwao QUAADRIL, na unapatikana bure. Umeandikwa kwa idara kubwa, lakini kituo chenye mashine moja kinaweza kuchukua maswali yake ya msingi na kujipima kabla mtu wa nje hajafika.

Vigezo vya kupimia

Natumia vigezo vitano: gharama, zikiwemo zile zisizoonekana kwenye risiti, watu, yaani nani atafanya kazi na akiondoka itakuwaje, muda, anachopata mgonjwa, na kinachobaki baada ya mkaguzi kuondoka. Hicho cha mwisho nakipa uzito kuliko vingine. Mafaili mazuri sana yanaweza kuwa na tarehe zinazoishia wiki ya ukaguzi, na baada ya hapo kurasa tupu. Kituo cha namna hiyo kimelipia maandalizi ambayo mgonjwa wa mwezi uliofuata hakuyaona.

Njia ya kwanza: kujiandaa kwa watu wako

*Gharama.* Fedha taslimu inayotoka ni ndogo kuliko njia ya pili. Utanunua kinachokosekana: aproni ya risasi (lile vazi zito la madini ya kuzuia mionzi), kinga ya tezi la shingo, taa ya onyo juu ya mlango, mabango ya kuwaonya wajawazito, pengine stebilaiza ya umeme. Gharama kubwa ni saa za watu. Ukimpa mtaalamu wako kazi ya ubora bila kumpunguzia foleni ya wagonjwa, umempa kazi ya usiku. Ataifanya wiki mbili kisha ataiacha.

Jambo moja hukwepi kulilipia: vipimo vinavyohitaji mita zilizosawazishwa, kama kupima nguvu halisi ya mionzi inayotoka kwenye bomba. Hivyo vinahitaji mwenye vifaa. Lakini sehemu kubwa ya ukaguzi wa kila siku na kila mwezi haihitaji kifaa cha bei.

Chukua mfano wa kupima kama mwanga wa mashine unalingana na mionzi yenyewe. Weka kaseti (bamba la kupokelea picha) mezani, panga bomba la mashine liwe umbali wa sentimeta 100, washa taa ya kolimeta, ile inayoonyesha eneo litakalopigwa, na bana mwanga uwe mdogo kuliko kaseti. Kila upande wa mstatili wa mwanga weka sarafu mbili, moja ndani ya mwanga na nyingine nje, zigusane hasa pale mwanga unapoishia. Ongeza sarafu moja kwenye pembe mojawapo, ndani ya mwanga, ili baadaye ujue upande upi ni upi. Piga kwa kiwango kidogo kisha angalia picha. Zinapogusana sarafu ndipo mwanga ulipoishia, na ukingo wa weusi ndipo mionzi ilipoishia. Kwa umbali huo, vikitofautiana kwa zaidi ya sentimeta 2 upande wowote, mwite mhandisi wa vifaa tiba. Andika tarehe, jina na matokeo kwenye daftari la mashine. Kazi yote haifiki nusu saa, na inakuonyesha kama umekuwa ukimpiga mgonjwa mionzi mahali ambapo hakuna aliyekusudia.

Aproni nazo ni hivyohivyo. Zitundikwe kwenye hanga pana, zisikunjwe kwenye kiti wala kurundikwa juu ya friji. Risasi iliyokunjwa hupasuka ndani bila kitambaa cha nje kuonyesha chochote. Angalau mara moja kwa mwaka ziwekwe mezani na kupigwa eksirei zenyewe, ufa utaonekana.

*Watu.* Hapa ndipo njia hii inaposimama au kuanguka. Vituo vingi vina mtaalamu mmoja wa radiolojia anayejua kila kitu, na siku akipata nafasi hospitali kubwa au akaenda kusoma, anaondoka na mfumo mzima kichwani. Teua wawili. Wa pili si lazima awe mtaalamu wa mionzi. Anaweza kuwa muuguzi kiongozi au msimamizi wa ofisi mwenye jicho la kumbukumbu, ambaye atafuatilia beji, tarehe za leseni na daftari. Msimamizi wa usalama wa mionzi apewe pia mamlaka ya kusema "leo mashine haifanyi kazi" na mkurugenzi amsikilize. Bila mamlaka hayo, uteuzi ni barua tu.

*Muda.* Hesabu miezi kadhaa. Miongozo unaweza kuiandika ndani ya wiki, lakini ushahidi hauandikwi. Daftari la picha zilizorudiwa linahitaji miezi ya kuandikwa kweli kabla halijaweza kukwambia kama tatizo lako ni mgonjwa kusogea, mkao mbaya, au kipimo kisicho sahihi. Ukianza ukaguzi ukiwa umeshakaribia, utashawishika kujaza daftari kwa kalamu moja jioni moja, na mkaguzi mzoefu hulijua daftari la hivyo akiligusa tu.

*Mgonjwa.* Faida yake ni kubwa na inaanza mapema, kwa sababu mabadiliko yanafanywa na watu walewale wanaomhudumia. Mfano ninaoupenda ni swali la ujauzito. Vituo vingi huliuliza kwenye benchi la kusubiria, mbele ya watu. Binti amekuja na mama mkwe wake, anaulizwa kwa sauti kama ana mimba. Atajibu nini zaidi ya "hapana"? Kituo kilichokaa na wafanyakazi wake wakaliangalia jambo hili kitabadili utaratibu: aingie peke yake, mlango ufungwe, ndipo aulizwe kwa upole, "Dada, samahani nikuulize, siku zako za mwisho zilikuwa lini?" na jibu liandikwe kwenye fomu. Hakuna mita inayopima hilo, na hakuna ukuta wa risasi unaoziba pengo hilo.

*Kinachobaki.* Kikifanywa vizuri, kinabaki karibu chote, kwa sababu waliokitengeneza ndio wanaokitumia. Udhaifu ni kwamba watu wa ndani huzoea kasoro zao. Mlango usiofunga vizuri miaka yote huacha kuonekana.

*Inamfaa nani.* Kituo chenye eksirei ya kawaida na ultrasaundi, wafanyakazi wasiohamahama, na kiongozi aliye tayari kutoa saa za kazi kwa ajili ya jambo hili. Haikifai kituo chenye CT (mashine ya eksirei inayopiga mwili vipande kwa vipande) kikitegemea njia hii peke yake. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisivati 0.02, CT ya tumbo yaweza kukaribia 10, yaani mara mia kadhaa. Kwa kiwango hicho, kupanga vipimo vya mashine kunahitaji mwanafizikia wa tiba.

Njia ya pili: kuleta mshauri wa nje

*Gharama.* Fedha inatoka kwa mkupuo. Wanafizikia wa tiba nchini ni wachache, na anayetoka Dar es Salaam utamlipia pia safari na malazi. Dai mchanganuo: vipimo vya mashine peke yake, tathmini ya chumba peke yake, nyaraka peke yake, mafunzo peke yake. Ukipewa bei moja ya jumla hutajua ulichonunua, wala hutajua cha kupunguza fedha ikibana.

*Watu.* Unapata jicho lisilozoea makosa yako, na ujuzi ambao kituo kidogo hakiwezi kuuajiri. Kuta ni mfano mzuri. Majengo mengi ya Arusha yamejengwa kwa mawe na matofali mepesi ya asili ya volkano, yenye vitundu ndani. Ukuta wa namna hiyo hauzuii mionzi sawasawa na zege la unene uleule, hata kama kwa macho unaonekana mnene wa kutosha. Kama chumba chako cha eksirei kilikuwa stoo au ofisi kabla mashine haijaletwa, usikisie. Mwenye mita atasimama upande wa pili wa ukuta, kwenye dirisha na mlangoni, mashine ikipigwa, na utajua kama yule dada wa mapokezi anahitaji kuhamishiwa kiti au ukuta unahitaji kuongezewa plasta ya barayati (madini mazito ya kuzuia mionzi) au shiti ya risasi. Wakati mwingine dawa ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kugeuza stendi ya kifua ielekee ukuta wa nje usio na watu, au kuongeza umbali. Ukienda mbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, mionzi inayokufikia inapungua hadi robo.

*Muda.* Ni njia ya haraka. Mshauri mzuri anajua mkaguzi anaanzia wapi, na anaweza kukuonyesha mapengo yako makubwa ndani ya siku chache za kazi. Kuyaziba ni kazi nyingine.

*Mgonjwa.* Ananufaika hasa kwenye mashine. Mashine inayosema imetoa kiasi fulani huku ikitoa zaidi haitoi dalili yoyote kwa macho; picha inatoka, daktari anaisoma, maisha yanaendelea, na kila mgonjwa anaondoka na mionzi ambayo hakuihitaji. Mita ndiyo inayoligundua hilo. Kwa yale mambo ya benchi na mlango, mshauri wa siku tatu hawezi kufanya mengi.

*Kinachobaki.* Inategemea mkataba. Bila kuwa makini, kitakachobaki ni faili. Kuna miongozo inayouzwa kituo hadi kituo, hata jina la hospitali nyingine likasahaulika kwenye ukurasa wa ndani, na humo inatajwa mashine ambayo mnunuzi hana. Kwa hiyo mkataba uwe na mambo haya: nyaraka ziandikwe kwa mashine zako na majina ya vyeo vyako, uzipate katika hali ya kuhaririwa, isiwe karatasi iliyogandishwa, maelekezo ya kubandikwa ukutani yawe kwa Kiswahili, watu wako wawili wafundishwe kufanya vipimo vyepesi mpaka wavifanye mbele yake bila kushikwa mkono, na arudi baada ya miezi sita aone kilichotokea. Sehemu ya malipo yasubiri marejeo hayo. Hilo sharti moja hubadilisha kazi nzima.

*Inamfaa nani.* Kituo chenye CT, mammografia au eksirei ya meno ya mzunguko. Jengo linalotiliwa shaka. Mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika bila historia ya kueleweka. Au kituo ambacho tarehe ya ukaguzi imeshakaribia. Pia kinachopanga kujenga upya, kwa sababu ushauri kabla ya kumwaga zege ni rahisi kuliko ukarabati.

Njia ya tatu: kuachana na eksirei, kubaki na ultrasaundi na makubaliano ya rufaa

Watu huizungumzia njia hii kwa aibu, kana kwamba ni kushindwa. Siioni hivyo. Kituo kinachopiga picha tatu kwa siku kwa mashine chakavu na mtaalamu wa kuazima kinaweza kuwasaidia watu wake zaidi kikiwapeleka panapostahili.

*Gharama.* Unaondoa gharama za leseni, beji, matengenezo na ukarabati wa chumba, na unapata chumba kitupu. Unapoteza mapato ya picha, na zaidi ya hapo, unapoteza sehemu ya wagonjwa waliokuwa wakija kwa sababu wanapata kila kitu mahali pamoja. Kaa na vitabu vyako vya mwaka mmoja kabla hujaamua: picha ngapi, za nini, zililipwa na nani, ngapi zilikataliwa na bima. Na mashine yenyewe usiiuze kwa mtu wala kuitelekeza stoo kienyeji. Ina leseni, na Tume ijulishwe kabla haijahama mikono.

*Watu.* Ultrasaundi haitumii mionzi ya aina ya eksirei, lakini hilo lisikufanye uichukulie kuwa nyepesi. Picha yake inategemea mkono wa anayeishika kuliko kipimo kingine chochote. Mwenye cheti cha semina ya siku chache anaweza kumpotosha daktari na mama mjamzito kwa pamoja. Wekeza fedha uliyookoa kwa mtu huyo. Pia weka utaratibu wa kusafisha proba kati ya mgonjwa na mgonjwa, hasa ile inayoingizwa ndani ya mwili.

*Muda.* Kwa upande wa ukaguzi, mzigo unapungua mara moja. Makubaliano ya rufaa ndiyo yanayochukua muda, kwa kuwa lazima yaandikwe.

*Mgonjwa.* Hapa mahali ulipo panaamua. Kituo kilichopo katikati ya Moshi kina hospitali za KCMC na Mawenzi karibu. Cha katikati ya Arusha kina Mount Meru na ALMC. Mgonjwa anatoka kwako na kufika bila shida. Lakini mfikirie kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu Ngaramtoni usiku, anayefungwa kipande cha ubao na kupandishwa bajaji kwenda mjini kwa ajili ya picha moja. Au mfikirie mchimbaji anayetoka Mirerani, amekaa na vumbi la mgodini miaka, anakohoa. Kwake picha ya kifua siyo anasa: inasaidia kutofautisha na kufuatilia kifua kikuu na madhara ya vumbi kwenye mapafu, na ndiyo inayoweza kumfikisha Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, mapema. Akiambiwa aende mjini kesho, kuna uwezekano mkubwa kesho akarudi mgodini. Kituo kinachohudumia watu wa namna hii kifikirie mara mbili kabla ya kuzima mashine.

*Kinachobaki.* Kinabaki kituo chepesi, na wajibu mmoja usiohamishika: kuhakikisha majibu yanarudi. Makubaliano ya maandishi yaseme mgonjwa wako atapigwa picha kwa utaratibu gani, ripoti itarudi baada ya saa ngapi, kwa njia ipi iliyo salama, na nani atakupigia simu kama kimeonekana kitu cha dharura. Weka daftari la rufaa, na mtu mmoja wa kulipitia kila jioni akiuliza nani hajarudi. Bila daftari hilo, mgonjwa anapotea kati ya milango miwili na kila mlango unadhani yuko kwa mwenzake.

*Inamfaa nani.* Kliniki ndogo za mjini zenye picha chache, zahanati zinazolenga mama na mtoto, na kituo ambacho mtaalamu wake wa pekee ameondoka na wa kumrithi hajapatikana.

Kwa hali yako

Kama una eksirei moja, mtaalamu mzuri aliyekaa nawe muda mrefu, na leseni haina tatizo, anza na njia ya kwanza leo. Fungua daftari la picha zilizorudiwa na la mashine, teua wawili kwa barua, na ulipie vipimo vya mita tu.

Kama jengo ni la kupanga na chumba kilibadilishwa matumizi, lete mwenye mita kwanza kabla ya kutumia shilingi kwenye kitu kingine. Matokeo ya ukuta yanaweza kukupeleka kwenye njia yoyote kati ya hizi tatu, na kama mwenye nyumba hataki ukuta uguswe, ni bora ujue mapema. Kama una CT, njia ya pili ni ya lazima kwa upande wa mashine. Kwa mambo ya utaratibu, mapokezi na kumbukumbu, watu wako bado wanahitaji kujiandaa wenyewe, na vituo vingi vya ukubwa huo huishia kuchanganya njia mbili hizo bila tatizo.

Kama uko nje ya mji, Usa River, Himo, njia ya kwenda Mirerani, na wewe ndiye mwenye eksirei pekee katika eneo lako, pigania kuibakiza. Zungumza na vituo jirani muone kama mnaweza kumleta mshauri mmoja kwa safari moja na kugawana gharama zake. Siku tatu kwa vituo vitatu zinawezekana.

Kama uko hatua chache kutoka hospitali kubwa na mashine yako inaharibika kila mvua inapokata umeme, ifanye njia ya tatu kwa utaratibu: makubaliano yasainiwe kwanza, wagonjwa waelezwe kwa tangazo mapokezini, Tume ijulishwe, ndipo mashine izimwe.

Na kama tarehe ya ukaguzi iko wiki chache mbele na hakuna kilichofanyika, usijaze madaftari ya nyuma. Shughulikia kwanza yanayohusu usalama: leseni, usajili wa mtaalamu, beji, aproni, mlango, taa ya onyo, swali la ujauzito. Kisha andika ukurasa mmoja unaoorodhesha mapengo yaliyobaki, nani atayaziba na lini, ukautie saini. Mkaguzi akiukuta mpango wa kweli wenye tarehe zinazotekelezeka, mna pa kuanzia mazungumzo. Baada ya hapo chagua njia yako ukiwa na nafasi, ukianza na tarehe ya kwanza iliyo kwenye ukurasa huo.